Fimbo ya Kuvulia si Uta

Mtu anayeanza kujifunza kuvua trauti kwa nzi wa bandia, awe kando ya Mto Gura katika milima ya Nyandarua au kando ya mito ya Montana na Scotland, huambiwa jambo lilelile: pinda fimbo, ijaze nguvu, kisha iachie ikurushie mshipi. Kwa mafundisho hayo fimbo ni uta. Mkono unavuta, uta unaweka akiba, akiba ikifunguliwa mshipi unakwenda. Vitabu vinasema hivyo, wauzaji wanasema hivyo, waongozaji wa wageni wanakariri hivyo. Mimi napinga. Fundisho hili si sahihi, na limewaharibia watu mikono na mifuko kwa muda mrefu mno.

Fimbo ya kuvulia kwa nzi ni wenzo. Kazi yake kubwa ni kuuchukua mwendo mfupi wa mkono na kuufanya mwendo mrefu kule nchani. Inapinda, naam, na kupinda kwake kuna faida ambayo nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika jambo hili. Lakini faida hiyo haihusiani sana na kuweka akiba ya nguvu.

Kwanza tutazame kinachorushwa. Mvuvi wa pwani anayevua kwa mshipi hufunga chubwi mwishoni, akauzungusha mshipi wake, akauachia. Chubwi ndiyo inayokwenda. Mshipi unaburutwa nyuma yake. Nzi wa bandia hana uzito wa namna hiyo. Ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo, na ukimtupa kwa mkono ataanguka miguuni pako. Ndiyo maana uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ukafanywa mnene na kuvikwa plastiki. Watengenezaji wa Marekani waliupa mshipi namba kwa kupima uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9.14: namba 5 ina takriban gramu 9.1, namba 8 ina gramu 13.6. Anayevua kwa nzi harushi kitu kilichofungwa mwisho wa kamba, bali anairusha kamba yenyewe, yote ikiwa imenyooka hewani. Asiyeliona hilo hataona pia kwa nini fundisho la uta haliwezi kusimama.

Sasa hesabu, na si hesabu ya chuo kikuu. Chukua mita 10 za mshipi namba 5, yaani gramu 10 hivi. Mrusho mzuri wa kawaida huupa mshipi huo kasi ya mita 20 kwa sekunde. Nusu ya tungamo mara kasi kwa kipeo cha pili: nishati ya mwendo ni jouli 2. Ncha ya fimbo ya futi 9 husafiri kama mita mbili na nusu wakati wa kurusha, kwa hiyo kani ya wastani inayohitajika kuufikisha mshipi kwenye kasi hiyo ni nyutoni 0.8, sawa na uzito wa gramu 80. Je, gramu 80 zinaipinda fimbo kiasi gani? Fimbo ya wastani ya namba 5, ukiilaza na kuning'iniza kama gramu 100 nchani, hushuka karibu theluthi ya urefu wake, yaani sentimita 90. Kwa gramu 80 itashuka sentimita 70 na kidogo. Nishati iliyofichwa ndani ya mpindo huo ni nusu ya kani mara umbali, na jibu lake ni jouli 0.3.

Jouli 0.3 kati ya 2. Hiyo ndiyo akiba tunayoambiwa ndiyo siri ya mrusho wote.

Najua jibu la upande wa pili: kani haibaki kwenye wastani, hupanda na kushuka, na kileleni huwa kubwa zaidi. Kweli. Basi nakupa kilele cha mara moja na nusu ya wastani. Akiba sasa inafika karibu theluthi ya nishati ya mshipi, na hapo bado hatujaondoa kile kinachobaki ndani ya fimbo yenyewe, maana fimbo ina uzito, na inapojinyoosha hujirusha na yenyewe, ikapita mbele na kutikisika baada ya mshipi kuondoka. Mtikisiko ule anaouona kila mvuvi baada ya kusimamisha mkono ni sehemu ya akiba ambayo haikuufikia mshipi kamwe. Na hata hicho kilichofika kilitoka mkononi. Hakuna fimbo iliyowahi kuzaa nishati.

Atakayeona hesabu ni za mezani, aende kwenye majani yaliyofyekwa. Tandaza mita 10 za mshipi nyuma yako zinyooke, mwenzako ashike mwisho. Vuta fimbo mbele mpaka ipinde kama inavyopinda kwenye mrusho wako bora, kisha mkono wako ukae tuli kabisa. Mwenzako aachie. Kama fimbo ni uta, hapo uta umevutwa na mshale uko tayari. Utakachoona ni mshipi kuruka kidogo kwa unyonge na kuanguka kabla haujafunguka. Ncha imesafiri chini ya mita moja. Ilihitaji mbili na nusu na mkono unaoendelea kusukuma. Fanya na kinyume chake. Walimu wengi wa kurusha wameonyesha kwamba mpini wa ufagio, usiopinda hata chembe, hurusha mshipi ukafunguka mbele. Hauruki kwa uzuri, lakini unaruka. Lee Wulff wa Marekani, mmoja wa wavuvi waliosifika kuliko wote katika karne ya 20, alikwenda mbali zaidi: alirusha mshipi kwa mkono mtupu bila fimbo yoyote, akampata samoni wa Atlantiki. Ukiondoa mpindo, mrusho unabaki. Ukiondoa mkono, hakuna kitu.

Kuna hoja moja ambayo sijawahi kusikia watetezi wa uta wakiijibu. Kwa kani ileile, fimbo laini huhifadhi nishati nyingi kuliko fimbo ngumu. Laini mara mbili, akiba mara mbili. Hiyo ni kanuni ya springi yoyote duniani. Kama akiba ndiyo inayopeleka mshipi mbali, basi wanaoshindana kurusha mbali wangebeba fimbo laini kama utete. Hawafanyi hivyo. Wanachagua fimbo ngumu, tena ngumu sana. Wanajua kwa mikono yao kile ambacho midomo ya walimu inakanusha: fimbo ngumu hupoteza kidogo wakati wa kuwa wenzo, na hutulia haraka ikisimamishwa.

Kwa hiyo mpindo una kazi gani? Hapa ndipo nawaomba watetezi wa uta wanisikilize, kwa sababu wanachokisikia mikononi mwao ni cha kweli, wamekitafsiri vibaya tu.

Mkono wa binadamu hufanya kazi kwa kuzunguka: bega linazunguka, kiwiko kinazunguka, kifundo kinazunguka. Ukishika fimbo isiyopinda na kuizungusha, ncha yake itachora upinde mkubwa angani, kama mlango unavyochora sakafuni ukifunguliwa. Na mshipi hauna akili ya kwake, unafuata ncha. Ncha ikichora upinde, mshipi hurushwa juu kisha chini, na kitanzi kinachotokea huwa kipana kama mlango wa banda. Hewa hukikamata, kasi huisha, nzi huanguka njiani.

Sasa iache fimbo ipinde. Fimbo iliyopinda ni fupi. Umbali kutoka mkononi hadi nchani hupungua kadiri kani inavyoongezeka. Fikiria kani ikipanda taratibu mpaka katikati ya mrusho, pale ambapo fimbo isiyopinda ingeifikisha ncha juu kabisa ya duara. Hapohapo fimbo inakuwa fupi zaidi, na ncha inateremka. Mkono ukikaribia mwisho kani inapungua, fimbo inarefuka tena, na ncha inafika mwisho wa njia ikiwa karibu na kimo kilekile ilichoanzia. Duara limebonyezwa likawa mstari. Mkono umezunguka, ncha imekwenda moja kwa moja. Hilo ndilo jambo la ajabu ambalo fimbo hulifanya, na halina uhusiano na uta wala mshale. Ni jiometri. Bill Gammel na baba yake Jay, walipoandika kijitabu chao cha misingi ya kurusha mwaka 1990, waliiweka njia iliyonyooka ya ncha miongoni mwa misingi mitano, na mwalimu yeyote makini anaikubali. Kinachonishangaza ni kwamba haohao wanaoikubali hurudi kesho yake na kumwambia mwanafunzi aijaze fimbo nguvu.

Mpindo una faida nyingine ndogo. Hulainisha makosa ya mkono, ukagubika mshtuko usiufikie mshipi wote kwa ghafla. Husaidia pia samaki akishakamatwa, maana uzi mwembamba wa mwisho ungekatika mara moja kwenye mpini wa ufagio. Sizidharau faida hizi. Lakini hakuna hata moja kati yake iliyo akiba ya kurushia.

Kitanzi nacho kina fizikia yake, na hapa wanasayansi wameshafanya kazi ambayo wavuvi wengi hawajaisoma. Graig Spolek aliandika juu ya mwendo wa mshipi katika jarida la Marekani la fizikia mwaka 1986, na John Robson akaendelea humo mwaka 1990. Mkono ukisimama, sehemu ya mshipi iliyo karibu na ncha husimama pia, ilhali sehemu ya juu inaendelea kukimbia. Katikati yao ndipo kitanzi kinapozaliwa, na mbele yake husonga kwa takriban nusu ya kasi ya ule mguu wa juu. Kila kinavyosonga, kipande kinachokimbia kinapungua, na nishati ileile inabaki kugawanywa kwa tungamo dogo zaidi. Kusingekuwa na hewa, kasi ya mwisho wa mshipi ingepanda na kupanda, kama inavyopanda kwenye mjeledi hadi ukalia. Hewa ndiyo inayozuia. Kitanzi chembamba hukutana na hewa kidogo, kipana hukutana na hewa nyingi. Ndiyo maana njia iliyonyooka ya ncha ina thamani kubwa. Angalia pia wakati haya yanapotokea: fimbo imeshanyooka na imemaliza kazi. Mrusho wote unaouona ukifunguka kwa uzuri juu ya maji unafanyika bila springi yoyote.

Na kuhusu kuuvuta mshipi kwa mkono wa pili, jambo ambalo mabingwa wote hulifanya, utaambiwa kwamba mvuto huo unaijaza fimbo zaidi. Fimbo hupinda zaidi kidogo, sawa. Lakini faida iko wazi zaidi ya hapo: mshipi unapita kwenye pete ya ncha, na kasi ya mkono unaovuta inajumlishwa moja kwa moja na kasi ya ncha. Ukiongeza mita 5 kwa sekunde juu ya 20, nishati inapanda kwa zaidi ya nusu, maana inafuata kipeo cha pili. Hakuna haja ya kutafuta maelezo ndani ya mpindo.

Nguvu ya imani hii ya uta inatoka wapi basi? Sehemu moja inatoka machoni. Picha za mwendo wa taratibu huonyesha fimbo ikijikunja na kujikunjua, na jicho huona sababu pale penye mwendo mkubwa. Sehemu nyingine inatoka kwenye saa. Walimu wa zamani walimfundisha mwanafunzi apeleke fimbo kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa, kwa mapigo manne yasiyobadilika. Norman Maclean aliliweka fundisho hilo katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya Mto Big Blackfoot huko Montana, na filamu ya mwaka 1992 ikalieneza ulimwengu mzima. Saa na uta ni ndugu. Kama kazi inafanywa na fimbo, basi mkono hauna la kufanya ila kwenda na kurudi kati ya nukta mbili kama pendulumu. Lakini mshipi wa mita 6 unaipinda fimbo kidogo, na mshipi wa mita 20 unaipinda sana. Ukitumia pembe ileile kwa yote mawili, mmoja utapata kitanzi kipana na mwingine utajikata wenyewe. Pembe inapaswa kukua pamoja na mpindo ili ncha ibaki kwenye mstari. Lefty Kreh wa Maryland, aliyefundisha hadi uzeeni na kufariki mwaka 2018, aliikataa saa hiyo kwa nguvu zote, akawafundisha watu kuupeleka mkono nyuma mbali kadiri mrusho unavyodai.

Inafaa kukumbukwa kwamba mikono iliyorusha mshipi kwa ajili ya filamu ile ni ya Jason Borger, na ni Borger huyohuyo aliyeshirikiana baadaye na mwanafizikia wa Norway, Grunde Løvoll, kupima mrusho halisi na kuona kwamba mchango wa wenzo unaupita kwa mbali mchango wa springi. Aliyewafanya mamilioni waipende fimbo inayocheza angani hakuogopa kuuliza inafanya nini hasa. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa filamu.

Sehemu ya tatu inatoka dukani, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Fimbo huandikwa namba 5, namba 6, namba 8, na mnunuzi huelezwa kwamba fimbo ya namba 5 inahitaji gramu 9 ili ijae. Tazama jinsi dai hili linavyovunjika lenyewe. Mvuvi kwenye kijito chembamba hurusha mita 5 za mshipi kwa fimbo ile. Jioni yuleyule, kwenye bwawa, hurusha mita 18. Uzito umezidi mara tatu, na fimbo ni moja. Ilikuwa tupu asubuhi? Ilifurika jioni? Namba ni mwongozo mzuri wa kuoanisha vifaa, haina zaidi ya hapo. Lakini juu ya namba hiyo pamejengwa lugha nzima ya fimbo yenye nguvu, fimbo inayojaa upesi, fimbo iliyo hai, na kwa lugha hiyo fimbo za juu zinauzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Mtu aliyeamini kwamba nguvu imo ndani ya fimbo atalipa. Atakapoona mshipi bado unamwangukia kichwani, ataamini kwamba anahitaji fimbo nyingine.

Watanijibu kwamba nyuzi za kaboni, zilipokuja miaka ya 1970, zilifanya watu warushe mbali kuliko walivyofanya kwa mwanzi uliochanwa na kugundishwa, au kwa faiba. Zilifanya hivyo kweli. Kaboni ni nyepesi. Kila mrusho unausukuma mshipi na fimbo pamoja, na fimbo nzito hula kazi ya mkono kabla mshipi haujapata fungu lake. Fimbo nyepesi na ngumu huacha kazi kubwa zaidi iende kwenye mshipi, na hutulia mapema ncha isitikise mawimbi ndani ya kitanzi. Maendeleo hayo yote ni maendeleo ya wenzo. Mwanzi wa zamani, laini na mzito, ulikuwa ghala zuri zaidi la nishati, na ndio uliorusha karibu zaidi.

Yote haya yangekuwa mabishano ya wapenda fizikia kama yasingemgusa anayejifunza. Yanamgusa. Mwambie kijana kwamba lazima aijaze fimbo, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuishtua. Anaanza kwa nguvu, maana anataka kuuona ule mpindo. Fimbo inakunjwa mapema, inakuwa fupi mapema, kisha inarefuka katikati ya njia, na ncha inachora bonde badala ya mstari. Mguu wa juu wa kitanzi unatumbukia chini ya mguu wa chini, mshipi unajikata, na uzi wa mwisho unarudi na vifundo. Wavuvi hulaumu upepo kwa vifundo hivyo. Upepo hauna hatia. Mara nyingi mno ni matokeo ya neno moja la mwalimu. Walio na mikono isiyo na nguvu nyingi, watoto, wazee, hukata tamaa hapo wakidhani kwamba misuli ndiyo iliyowapungukia, ilhali jouli 2 ni kazi ya kuinua kilo moja ya sukari sentimita 20.

Anachohitaji kuambiwa ni kuanza polepole, mshipi ukiwa umenyooka, aongeze kasi bila kukatiza, kasi kubwa kuliko zote ije mwisho, kisha asimame. Joan Wulff, aliyefungua shule ya kurusha katika milima ya Catskill pamoja na mumewe Lee, aliugawa mrusho katika mwendo wa kuanzia na pigo la mwisho, na mpangilio huo unafanya kazi hata kama jina aliloupa mwendo ule wa kwanza linataja ule ujazo ninaoupinga. Mwanafunzi atazame ncha na kitanzi, asitazame mpindo. Mpindo utajitunza wenyewe, kwa sababu unafuata kani, na kani inafuata mchapuko wa mkono.

Na watengenezaji wana deni. Waandike kwenye kila fimbo uzito wake wenyewe kwa gramu, na gramu ngapi zikining'inizwa nchani huishusha kwa theluthi ya urefu wake. Vipimo viwili tu, vinavyoweza kuchukuliwa na fundi yeyote mwenye mizani na futi ya kupimia. Mnunuzi wa Nyeri angeweza kulinganisha fimbo ya dola 100 na ya dola 1,000 akaona mwenyewe anacholipia. Hadi watakapofanya hivyo, tupime wenyewe kabla ya kutoa fedha, na muuzaji akituambia kwamba fimbo yake inarusha, tumwombe aiweke mezani irushe.